Waraka ulisema 'wahimizwe', chifu akatuma askari

UKITOKA mjini Thika ukaishika barabara ya Garissa, huchukui muda mrefu kabla ya kufika Gatuanyaga. Hewa inakuwa kavu kidogo, nyumba zinaanza kupeana nafasi, na mbele yako Mlima Kilimambogo, ambao wengine huuita Ol Donyo Sabuk, unasimama peke yake kama mlinzi wa zamu. Ng'ambo ya huko Mto Athi unaporomoka kwenye yale maporomoko 14 ambayo watoto wa shule hupelekwa kuyatazama.

Leo hii wengi wa wakazi wa sehemu hii ni wakulima wa mashamba madogo, wachuuzi na vibarua wanaokwenda mjini asubuhi na kurudi jioni. Lakini zama za ukoloni nchi hii ya mashariki ya Thika ilikuwa ya mashamba makubwa, hasa ya mkonge. Ukielekea Ruiru na Kiambu, palikuwa na kahawa. Majina ya wazungu waliomiliki mashamba hayo yamehifadhiwa vitabuni, na baadhi yao wana majengo na makaburi yanayotembelewa na watalii. Je, waliokata mkonge na kuchuma kahawa walifikaje huko? Walijipeleka wenyewe, au walipelekwa?

Swali hilo, msomaji, liliwahi kuzua ugomvi mkubwa wa kisiasa, kuanzia Nairobi, Mombasa na Zanzibar hadi kwenye Bunge la Uingereza. Maaskofu waligombana na magavana, na maaskofu wenyewe hawakupatana. Machifu waligombana na vijana. Na ugomvi wote huo ulizunguka neno moja dogo: kuhimiza.

Vita vyaisha, vibarua wakosekana

Ili kuelewa mambo yalivyokuwa, lazima turudi mwaka 1919. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vilikuwa vimemalizika. Katika vita hivyo maelfu kwa maelfu ya Waafrika walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Uingereza lililokuwa likipigana na Wajerumani huko Tanganyika. Hao ndio watu wa Kariakor, jina ambalo mpaka sasa lingali katika soko la Nairobi. Makumi ya maelfu yao hawakurudi. Waliuawa na kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Kabla machozi hayajakauka, ukaja ukame, halafu ukaja ugonjwa wa homa ya mafua uliotapakaa duniani kote mwaka 1918.

Kwa hiyo katika vijiji vya Wakikuyu na Wakamba nguvu za wanaume zilikuwa zimepungua mno. Na wakati huo huo serikali ya kikoloni ikaanzisha mpango wa kuwapa ardhi wazungu waliokuwa wanajeshi. Zaidi ya mashamba 1,000 yalitengwa kwa ajili yao. Kila mlowezi mpya alihitaji watu wa kung'oa visiki, kulima, kupanda na kuvuna. Shamba bila vibarua ni pori tu.

Serikali tayari ilikuwa na njia zake za kumtoa mtu nyumbani. Ya kwanza ilikuwa kodi ya kibanda na ya kichwa. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na kwa maskini asiye na mifugo ya kuuza, fedha zilipatikana kwa mzungu. Ya pili ilikuwa sheria ya mwaka 1918 kuhusu maskwota, yaani wale walioruhusiwa kuishi na kulima ndani ya shamba la mlowezi. Hao walitakiwa wamfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Ya tatu ilikuwa kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, lakini ilianza kutekelezwa baada ya vita. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimu miaka 16 alipaswa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake na maandishi ya waajiri wake, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Aliyetoroka kazini alisakwa kwa kipande hicho, akikamatwa anafungwa.

Hata hivyo, walowezi walisema hayo yote hayatoshi. Walitaka serikali yenyewe iwaletee watu.

Waraka wa Oktoba 1919

Gavana wa wakati huo alikuwa Meja Jenerali Edward Northey, mwanajeshi aliyeongoza mapigano upande wa kusini wa Tanganyika. Mnamo Oktoba 23, 1919, ofisi ya Kamishna Mkuu wa Mambo ya Wenyeji ilitoa waraka kwa niaba yake. Aliyetia sahihi alikuwa John Ainsworth, mzee wa serikali aliyekuwa ameishi nchini kwa miaka mingi na ambaye walowezi wengi walimshuku kuwa anawapenda mno Waafrika.

Waraka huo ukiusoma haraka utadhani ni barua ya upole. Uliwaambia maofisa wa serikali watumie kila ushawishi halali ili wanaume wenye nguvu waende kufanya kazi. Uliwaagiza machifu na wazee wasaidie. Kisha ukaongeza kwamba mahali ambapo mashamba yapo karibu na makao ya wenyeji, wanawake na watoto nao wahimizwe kwenda kufanya kazi wanazoziweza.

Hakuna mahali palipoandikwa "walazimishwe". Lakini sumu ilikuwa kwenye mkia. Waraka ulisema mabwana DC waweke orodha ya majina ya machifu na wazee wanaosaidia, na ya wale wasiosaidia, na orodha hiyo ifikishwe kwa Gavana. Tena ukaonya kwamba iwapo vibarua wangeendelea kukosekana, huenda hatua nyingine zikachukuliwa.

Jiweke mahali pa chifu wa siku hizo. Cheo chako umepewa na serikali, na serikali hiyo hiyo yaweza kukuvua kesho. Bwana DC anakuja na daftari. Mlowezi wa jirani anataka watu 30 wa kuchuma kahawa, na mvua inakaribia. Je, utakwenda nyumba kwa nyumba ukiwabembeleza watu? Chifu alituma askari wake. Askari alipofika kwenye boma hakuhitaji kujua tofauti ya kuhimiza na kulazimisha. Yeye alijua idadi aliyotumwa.

Kama wanaume walikuwa wamekwisha kwenda Nairobi au reli, waliobaki nyumbani walikuwa wanawake na wasichana. Kwa familia za Kiambu, jambo hili liliumiza kuliko kodi. Binti aliondolewa kwa mama yake akapelekwa kwenye shamba la kahawa, na huko kulikuwa na manyapara na askari ambao hakuna mzazi aliyewajua. Malalamiko kwamba wasichana walishikwa kwa nguvu na wengine kuharibiwa yalienea kote, na yalikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza yaliyotajwa katika mikutano ya siasa ya Waafrika.

Maaskofu watofautiana

Wa kwanza kupinga waraka huo hadharani walikuwa watu wa kanisa. Mnamo Novemba 1919, Askofu Heywood wa Mombasa, Askofu Willis wa Uganda na Dkt John Arthur wa misheni ya Kiskoti huko Kikuyu walitoa taarifa ya pamoja. Walieleza wazi kwamba kwa Mwafrika wa kawaida, neno la serikali likipitia kwa chifu ni amri. Walionya juu ya hatari ya kuwatoa wanawake na watoto makwao.

Lakini hawakusema kazi ya kulazimishwa ikomeshwe. Walisema kama ni lazima iwepo, basi iwekwe katika sheria, isimamiwe na serikali, na itumiwe hasa kwa kazi za umma. Yaani, ikiwa fimbo itatumiwa, ijulikane ni fimbo, na mwenye kuishika ajulikane.

Ndipo askofu mwingine, Frank Weston wa Zanzibar, alipopandwa na hasira. Weston hakuwa mgeni wa mambo haya. Mwaka 1918 alikuwa ameandika kijitabu kuwashutumu Wajerumani kwa jinsi walivyowatesa Waafrika wa Tanganyika, na serikali ya Uingereza ilikifurahia sana. Sasa, mwaka 1920, akaandika kingine, na safari hii aliowashutumu ni Waingereza wenyewe. Alisema Mwafrika amegeuzwa mtumwa wa shamba chini ya bendera ya Uingereza, na kwamba kumlazimisha mtu amfanyie kazi mtu mwingine kwa faida ya huyo mwingine ni uovu, uwe umeandikwa katika sheria au haukuandikwa.

Tukumbuke kwamba Weston aliishi mahali ambapo soko la watumwa lilikuwa limefungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe kuondolewa nguvu ya sheria mwaka 1897. Hapa kwetu, katika ukanda wa pwani ya Kenya, utumwa uliondolewa kisheria mwaka 1907, na waliolipwa fidia walikuwa mabwana, wala si watumwa. Kutoka 1907 hadi 1919 ni miaka 12 tu. Mtoto aliyezaliwa Malindi siku utumwa ulipokomeshwa hakuwa amefika umri wa kubeba kipande wakati waraka wa Northey ulipotoka.

Kelele hizo zilifika London. Daktari Norman Leys, aliyewahi kuhudumu katika nchi hizi, alikuwa ameanza kuwaandikia wakubwa tangu mwaka 1918. J. H. Oldham, kiongozi wa vyama vya wamishonari, aliwakusanya maaskofu na wanasiasa wakaikabili Wizara ya Makoloni. Jambo hilo lilijadiliwa katika Baraza la Malodi mwaka 1920. Wakati huo huo, hapa Kenya, sheria ilirekebishwa mwaka huo huo ili serikali iweze kumchukua mtu afanye kazi zake, kama vile kubeba mizigo na kutengeneza barabara, kwa malipo, hadi siku 60 kwa mwaka. Lakini aliyekuwa amefanya kazi ya kuajiriwa miezi mitatu katika mwaka uliotangulia alisamehewa. Msomaji bila shaka umeuona mtego huo. Ukitaka kuikwepa kazi ya serikali, kimbilia shamba la mlowezi.

Miaka 100 kabla, Missouri

Ugomvi wa namna hii ulikuwa umewahi kuonekana penginepo. Kwenye mteremko wa Kilimambogo amezikwa Sir William Northrup McMillan, tajiri aliyekuwa na shamba kubwa la Juja na aliyewahi kumkaribisha huko Theodore Roosevelt mwaka 1909, muda mfupi baada ya Roosevelt kuacha urais wa Marekani. McMillan mwenyewe alikuwa Mmarekani. Alizaliwa mwaka 1872 katika mji wa St. Louis, jimbo la Missouri.

Jina la Missouri lina historia yake. Marekani ilipoandika katiba yake mwaka 1787, wajumbe wa majimbo ya kusini walikuwa na watumwa wengi, na baadhi ya wajumbe wa kaskazini waliuchukia utumwa. Ili wasivunje mkutano, walipatana kwa maneno. Katika katiba hiyo yote, neno "mtumwa" halikuandikwa hata mara moja. Waliandika "watu wengine" na "mtu anayetakiwa kutoa utumishi au kazi". Walikubaliana kwamba katika kugawa viti vya Bunge, watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu, ingawa mtumwa mwenyewe hakuwa na kura. Hivyo kadiri bwana wa kusini alivyokuwa na watumwa wengi, ndivyo jimbo lake lilivyopata wabunge wengi wa kuutetea utumwa.

Waliodhani jambo limekwisha walijidanganya. Hesabu ya mwaka 1790 ilikuta watumwa karibu 700,000. Ile ya mwaka 1820 ilikuta kama milioni moja na nusu. Mnamo Februari 1819 Missouri ilipotaka kuwa jimbo kamili, mbunge wa New York aliyeitwa James Tallmadge alipendekeza kwamba watumwa wapya wasiingizwe huko, na watoto wa waliokuwapo wapewe uhuru wakifika umri fulani. Bunge liliwaka moto. Wabunge wa kusini walitishia kwamba muungano utavunjika na damu itamwagika.

Mwaka 1820 wakapatana tena. Missouri ikaruhusiwa kuwa na watumwa, Maine ikaingia ikiwa jimbo lisilo na watumwa, na mstari ukachorwa kwenye ramani kutenganisha nchi za utumwa na za uhuru katika ardhi ya magharibi. Missouri ikawa jimbo rasmi mwaka 1821. Mapatano hayo yalidumu miongo michache tu. Mwaka 1861 vita vikazuka kati ya kaskazini na kusini, na viliwaua watu zaidi ya 600,000. Neno "utumwa" liliingia katika katiba ya Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 1865, na liliingia ili kupigwa marufuku.

Hatusemi kwamba Thika ilikuwa Missouri. Kibarua wa Gatuanyaga hakuuzwa mnadani, mtoto wake hakuwa mali ya mwenye shamba, na mwisho wa tikiti yake ya siku 30 alipokea shilingi zake, hata kama zilikuwa chache. Tofauti hiyo ni kubwa na tusiifute. Hata hivyo, siasa zake zilifanana. Kote kuwili, wakubwa walioona haya kulitaja jambo kwa jina lake walilitafutia jina lingine. Na kote kuwili, waliokaa mezani kupatana hawakuwa wale ambao migongo yao ilikuwa inabishaniwa. Katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Kabla yake, sauti ya Mwafrika ilisemewa na mzungu aliyeteuliwa na Gavana.

Vijana na wanawake wakataa

Mwaka 1921 mambo yalizidi kuwa mabaya. Bei za mazao zilianguka, na walowezi wakaamua kupunguza mishahara ya vibarua kwa theluthi moja. Kodi nayo ilikuwa imepandishwa. Mtu alidaiwa zaidi na kulipwa kidogo.

Hapo ndipo alipojitokeza Harry Thuku, kijana wa Kambui, Kiambu, aliyesoma kwa wamishonari, akafanya kazi ya kupanga herufi katika kiwanda cha gazeti la walowezi, kisha akawa mpokezi wa simu serikalini. Juni 1921 yeye na wenzake walianzisha chama cha vijana wa Kikuyu, na kabla ya mwezi Julai kwisha kikawa East African Association, kilichowakaribisha Waafrika wa makabila yote. Malalamiko yao yalikuwa kipande, kodi, mishahara, na wasichana kuchukuliwa kwenda mashambani.

Thuku hakupitisha malalamiko kwa machifu. Alituma simu ya maandishi moja kwa moja London. Machifu wengi waliona wamevunjiwa heshima, na baadhi yao walimkana mbele ya serikali. Lakini kwa akina mama, Thuku alikuwa mtu aliyesema kwa sauti kile walichokuwa wakikinong'ona.

Septemba 1921, Winston Churchill, aliyekuwa Waziri wa Makoloni, alitoa amri kwamba maofisa wa serikali wasishughulike tena na kuwatafutia vibarua waajiri binafsi. Kisheria, neno "wahimizwe" lilikuwa limekufa. Ilikuwa imepita karne moja kamili tangu Missouri iingie katika muungano.

Hata hivyo, amri ya London ilikuwa karatasi, na chifu na askari wake walikuwa watu. Thuku aliendelea kuhutubia. Mnamo Machi 14, 1922, alikamatwa Nairobi. Siku mbili baadaye umati mkubwa ulikusanyika nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa. Viongozi wa kiume walizungumza na serikali wakarudi na ahadi, wakawaambia watu waende makwao. Baadhi ya wanaume wakaanza kuondoka.

Ndipo Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke kutoka Weithaga katika Murang'a, alipotokeza mbele. Aliinua nguo yake hadi mabegani, kitendo ambacho kwa mila za Kikuyu ni laana nzito, akawaambia wanaume wampe suruali zao wao wavae gauni lake, maana wamekuwa waoga. Wanawake wakapiga vigelegele na umati ukasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilisema waliokufa ni 21. Waafrika walisema ni wengi zaidi ya hao.

Thuku alihamishiwa Kismayu na hakuachiliwa huru hadi mwisho wa mwaka 1930. Lakini damu hiyo haikumwagika bure. Mwaka 1922 kodi ilishushwa hadi shilingi 12, na Northey aliitwa arudi Uingereza. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na kwamba maslahi yao ndiyo yatakayotangulia, ingawa kutangaza ni jambo moja na kutenda ni jingine. Kipande kiliendelea kuning'inia shingoni kwa miaka mingi baada ya hapo.

Fundisho kwa nyumba zetu

Huenda msomaji ukauliza, hayo ya zamani yananihusu nini mimi niliyeketi nyumbani Jumapili? Yanakuhusu sana. Mwaka 1930 mataifa yaliandika mkataba wa kimataifa dhidi ya kazi ya kulazimishwa, na Kenya huru iliutia sahihi mwaka 1964. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 30, inasema mtu asiwekwe utumwani wala asilazimishwe kufanya kazi, na sheria ya ajira ya mwaka 2007 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13. Kwenye maandishi tuko salama.

Lakini waraka wa Northey nao, kwenye maandishi, ulisema "ushawishi halali". Ubaya hauingii nyumbani kwa jina lake. Huingia na jina la adabu. Msichana wa miaka 12 anatolewa kijijini analetwa mjini kulea mtoto wa jamaa, haendi shule, halipwi, na ukiuliza unaambiwa "tunamsaidia tu, kwao ni maskini". Kijana anaahidiwa kazi nzuri ya nyumbani huko Arabuni, akifika pasipoti yake inachukuliwa na mwajiri, anaambiwa "tunakuwekea isipotee". Kibarua anafanya kazi miezi miwili bila malipo, anaambiwa "vumilia, sisi hapa ni familia".

Msaada, kuwekewa, familia: maneno yote hayo ni mazuri. Hata kuhimiza ni neno zuri. Mwalimu huwahimiza wanafunzi, na mama humhimiza mwanawe ale. Ndiyo maana lilifaa kufunikia fimbo. Njia ya kulipima ni rahisi, na akina mama wa Kiambu waliijua bila kusoma waraka. Uliza: huyu anayehimizwa, akisema hapana, nini kitampata? Kama jibu ni kwamba atarudi nyumbani kwa amani, basi amehimizwa. Kama jibu ni askari, kufungiwa mlango, au kunyimwa nauli ya kurudi, basi hilo lina jina lingine, na ni wajibu wetu kulitaja.

Wazazi wa Gatuanyaga, Munyu, Ngoliba na kwingineko ambao nyanya na babu zao waliitwa kwa kipande katika nchi hii, wasiache historia hiyo ipotee. Watoto wanafundishwa shuleni juu ya Thuku na, siku hizi, juu ya Nyanjiru. Wanaohitaji kuongezewa nyumbani ni hili: kwamba kile kilichopiganiwa kilikuwa haki ya binti wa kawaida kusema hapana, na kubaki kwa mama yake.